Michezo Mitatu ya Dunia Iliyokwisha

Kiponda, Unguja
Alkhamisi

Kwa dada yangu Hind,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima wewe, shemeji Ammar na watoto, na joto la huko Maskati halijawatesa sana. Mimi huku sijambo, namshukuru Mola. Kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimeondoka, paa la jikoni limezibwa kabla ya mvua, na skuli bado nasomesha fizikia madarasa yale yale.

Najua utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Naiandika kwa sababu rafiki yangu Mbarouk anakuja huko Jumamosi, amepata kazi, na kwa sababu kwenye simu ungenihurumia kabla sijamaliza kusema.

Uliniomba nichague mchezo mmoja katika vile vitabu vitatu vya michezo ya kusimulia kwa dadu ulivyoniletea mwaka juzi, ili kila Ijumaa baada ya Asri tucheze kwa simu ya picha, wewe ukiwa msimulizi. Wiki tatu zimepita na sijakujibu. Ukanitania kwamba mdogo wako hata kununua kanzu huchukua siku nzima. Ni kweli, lakini hili si la kanzu.

Nadhani uliviagiza kwa kutazama majalada tu, maana vyote vitatu vinahusu watu waliobaki baada ya dunia kuharibika. Cha kwanza ni cha jangwani, watu wanapigania maji na mafuta kwa magari ya kuungaunga. Kina kurasa mia tatu za kanuni, na ukipigwa risasi lazima utazame majedwali manne ujue kama umekufa. Cha pili ni cha watu waliokaa mahandakini miaka mia, na leo ndiyo wanafungua mlango. Cha tatu ni chembamba kama daftari la skuli. Ni kisiwa, bahari imekula nusu yake na huko bara hakuna tena anayejibu. Hamna bunduki. Kila msimu wachezaji wanaamua watengeneze nini kwanza, na nani apokewe.

Mansour, yule fundi wa majokofu, alikitaka cha magari. Mbarouk alikitaka cha mahandaki. Mimi nilikitaka cha kisiwa. Hakuna aliyekubali kushindwa, basi kila Ijumaa tulikuwa tunapanda ghorofani, tunakijaribu hiki kidogo na kile kidogo, tunabishana mpaka Magharibi. Kuchagua kwenyewe kukawa ndiyo mchezo. Sijapata kucheka maishani mwangu kama nilivyocheka miezi ile.

Nimekuwa nikikwambia kwamba wenzangu bado wanakuja. Hawaji. Mansour alikaa nami siku zote za matanga ya mama, kisha akapata kazi hotelini Bwejuu. Akija mjini hununua vifaa vyake na kurudi. Mbarouk alikuwa akipita barazani, tunazungumza habari za viza yake, lakini juu hakupanda tena wala sikumkaribisha. Nikitoka skuli napasha chakula moto, nawasha redio katika chumba cha chini, kisha nakaa juu, ili nisikie kana kwamba kuna mtu chini. Usimwambie Ammar hili, ataona nimeharibikiwa.

Ijumaa iliyopita nilijilazimisha. Nilivitoa vitabu kabatini, nikavipanga mezani, nikatafuta na dadu. Nilipokuwa nimevikodolea macho, Bi Tabia wa nyumba ya pili akabisha hodi kwa mkate wa kumimina. Tangu khitma ya arubaini hakuwa amekanyaga kwetu. Alipanda ngazi polepole, akakaa, akauliza huo mchezo unachezwaje. Nikamweleza kwamba kila mchezaji huwa mmoja wa waliobaki, na dadu huamua kama alilolitaka litakuwa. Akafikiri, kisha akataka kujua kama katika hao waliobaki wagonjwa wamo. Nikamwambia katika kile chembamba wamo.

"Basi chezeni hicho," akasema. "Hivyo vyengine watu wake wote wazima. Wana haja gani wao kwa wao?"

Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikishika kile kitabu cha magari, akakigeuza, akauliza kama hicho ndicho tulichokuwa tukicheza siku ile. Nikamjibu kwamba siku ile tulikuwa bado tunachagua.

Hind, nilikwambia mama alikata roho mkono wake umo mkononi mwangu, namsomea Yasini. Nilikwambia pia kwamba Bi Tabia alikuja baadaye. Si kweli. Bi Tabia ndiye aliyekuwa naye, akimnywesha uji. Mimi nilikuwa juu. Gari la Mansour lilikuwa limekwama mchangani na maadui wanakuja, na amebakiwa na nafasi moja ya kurusha dadu. Mama akaniita. Nilimsikia vizuri, Hind, sitaki ufikiri sikumsikia. Nikaitika, "Naam, mama, nnakuja."

Sikwenda. Mansour alirusha, akakosa, akalazimisha arushe tena, na Mbarouk akacheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Mama hakuita mara ya pili, nami nikachukulia kwamba hakuwa na haja kubwa. Haikufika hata robo saa. Niliposhuka Bi Tabia alikuwa anamfumba macho.

Hakunilaumu, wala sikumwomba afiche. Ulipopiga simu ukaniuliza kama mama alikuwa peke yake, nikasikia mdomo wangu unakupa jibu ambalo mimi mwenyewe nililitamani. Ukalia ukanishukuru. Umenishukuru tena Idi zote mbili. Kila ukinishukuru nami huzidi kukosa pa kuanzia.

Ijumaa hii iliyopita Bi Tabia alinambia jambo nililokuwa silijui. Alipoona sishuki alinyanyuka anifuate, na mama akamshika upindo wa kanga. Akasema, "Mwache. Wanacheka." Sijui nilipokee vipi. Bi Tabia ni mtu wa kweli, lakini ni mtu wa huruma pia, na sikuweza kujua ni yupi kati ya hao wawili aliyekuwa akizungumza nami. Nililia mbele yake kama mtoto. Alikata mkate, akanisubiri.

Nimechagua cha kisiwa. Nimekinakili chote kwa mkono, na kitabu chenyewe nampa Mbarouk pamoja na barua hii, maana msimulizi ndiye mwenye kukihitaji. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya Asri, nitakuwa mezani. Kama baada ya kusoma haya huwezi kuniona uso, usinitafutie sababu nzuri, wala usiwaambie watoto waseme umelala. Acha tu usipige. Sitakulaumu. Lakini ukipiga, dada, nitashika simu mara ya kwanza tu ikilia.

Nisalimie Ammar na unibusie watoto. Bi Tabia anakusalimu sana. Anasema pakiwa na nafasi na yeye atacheza, ila awe mzee kama alivyo, kwani ujana hana nguvu ya kuuanza upya.

Mimi nduguyo,
Hashil