Soli ya Shangazi Mastura

Arua, Ijumaa

Mpendwa Rehema,

Tunakusalimu sote, mama yako amemaliza kuvuna karanga. Unauliza kwa nini mgonjwa wako aliyewekewa nyonga mpya bado anayumba, ingawa maumivu yamekwisha.

Nimefungua shajara yangu ya 1974. Shangazi Mastura alirudi Koboko kutoka Kampala na nyonga ya chuma, akaapa kuwaongoza kwa miguu yake wanawake watakaopeleka vikapu vya harusi ya bintiye. Lakini aliyumba. Fundi viatu akaongeza soli ya tairi upande uliopasuliwa, kwani sote tuliuona ndio mguu mbovu. Akayumba zaidi.

“Wewe umesoma,” akaniambia. “Pima.”

Nilimlaza mkekani, nikapima kutoka kiunoni hadi kifundo. Mguu uliopasuliwa ulikuwa mrefu kuliko wa pili kwa upana wa kidole.

“Fundi,” shangazi akacheka tulipomrudia na kiatu, “hii mpya iko sawa. Ile ya zamani ndiyo fupi.”

“Mama, mimi sijaona mguu ya mgonjwa inashinda ya mzima.”

Hata hivyo fundi akahamishia soli kiatu cha pili. Siku ya harusi tulimkimbilia nyuma, vikapu vichwani, tukimsihi apunguze mwendo.

Basi mpime mgonjwa wako miguu yote miwili, hata ule asioulalamikia.

Akupendaye,
Bibi yako