Sketi Haifungi, Nimefunga Mimi

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Nimepewa mapokezi! Meneja ameniita mwenyewe. Perez anamfuata mumewe Kisumu, kwa hivyo kuanzia tarehe mosi Oktoba ni mimi nitakayekaa pale mlangoni — simu mbili, kiti cha kuzunguka, dirisha linalofunguka. Miaka sita nimepiga taipu kule nyuma, vumbi la sponji likinijaa puani. Watu wakisikia nafanya kazi kiwanda cha magodoro wanadhani tunalala.

Kuna kasoro moja. Sare. Sketi ni ile ile ya Perez, ya buluu, na kampuni haishoni nyingine hadi mwakani. Nimeijaribu chooni. Magotini ilipita vizuri. Mapajani ilipita kwa maombi. Kiunoni — haifungi. Kati ya kifungo na tundu lake panapita vidole vyote vitano. Meneja, akitazama ukuta kwa adabu, amesema isiponitosha, Wacera wa stoo yuko tayari. Wacera! Huyo ataivaa na abaki na nafasi ya mpangaji.

Nimemweleza Mbithi. Amecheka, akasema mke wake hakunona bure, mtaa mzima wa Umoja unajua nani anamlisha. Kisha akalala. Sketi ameshaisahau. Madereva wa lori hukumbuka kila shimo la barabara na hakuna kingine.

Jumanne, 4 Septemba

Phelister, jirani yangu wa meza, ana dawa. Karatasi iliyochanwa kwenye gazeti la wanawake wa Ulaya. Asubuhi: nusu balungi, yai moja la kuchemsha. Mchana: nusu balungi, mayai mawili. Jioni: bahatisha. Wiki mbili, kilo saba zimekwenda. Anaapa binamu yake wa mtaa wa Jericho alifanya hivyo, mumewe akampita stendi bila kumtambua. Sijui kama hiyo ni sifa.

Balungi nimelitafuta hadi nikachoka. Mama wa kibanda aliniuliza nani amelazwa.

Alhamisi, 6 Septemba

Phelister anasema mayai peke yake hayatoshi, lazima jasho. Unajizungushia nailoni tumboni, unavaa sweta mbili, unakimbia. Nailoni si taabu — kazini tunafungia magodoro. Basi leo saa kumi na mbili asubuhi nikatoka, nimefungwa kama bidhaa, nikashika njia, nimeipa barabara ya Outer Ring mgongo.

Sikufika hata kwenye duka la kona. Jirani yetu Ochola wa kaunsili alitoka na rungu, shati halina vifungo, anapiga kelele, "Mama Ndanu! Amepita wapi? Amebeba nini?" Kabla sijajibu, wanaume watatu walikuwa wananipita mbio, wanamfukuza mwizi wangu. Mmoja alipiga filimbi. Mtaa huu ukimwona mama wa watoto wawili anakimbia, hauna maelezo mengine.

Nikasema nimechelewa kazini. Ochola akatazama upande niliokuwa nakwenda. Akatazama upande wa Industrial Area, kiwandani kwetu. Kinyume kabisa. Akaniambia pole.

Kukimbia kumekwisha. Nitabaki na mayai.

Jumapili, 9 Septemba

Sijui niliandikeje hili.

Baada ya ibada akina mama tulibaki kunywa chai kama kawaida. Mandazi yanatoka kwenye karai, moto, yana iliki. Mama Kitonga, mwenyekiti wetu, akaniwekea mawili kwenye sahani. Nikayarudisha. Akaniwekea tena. Mtu huwezi kukataa chakula cha Mama Kitonga bila sababu. Sharti uwe mgonjwa au una mimba, na yote mawili hutangazwa kabla jua halijatua.

Ningesema nini? Kwamba najikondesha? Mwaka huu? Asubuhi hiyo hiyo tumeombea Kitui, tumesikia watu wanachimba mizizi, tumemlilia Mungu hadi pasta akapotewa na sauti. Kisha nisimame na kiuno hiki niseme nina chakula kingi kupita kiasi, naomba kipungue?

Nikasema, "Nimefunga."

Neno moja tu! Na ni kweli, nilikuwa nimefunga mdomo. Mama Kitonga akaiweka birika chini. Akauliza polepole, "Kwa ajili ya mvua?"

Mungu anisamehe. Nikasema ndiyo.

Akauliza mpaka lini. Nikafikiria sketi. Nikasema kila siku mpaka jioni, hadi mwezi uishe. Wakaanza kuniimbia. Mmoja alilia. Pasta akaitwa, akanishika kichwa, nailoni ikalia kwa ndani — ndiyo, nilikuwa nimeivaa — na watu wakasema amina.

Jumatano, 12 Septemba

Mimi sasa ni mtu mkubwa. Ochola anavua kofia. Kumbe alishaelewa kila kitu: nilikuwa nakimbia alfajiri nikiomba. Kwenye foleni ya unga leo walinisukuma mbele. Nikajaribu kurudi nyuma. Wakasema tazama unyenyekevu huo.

Mbithi aliyapata kwa watu, akaja amevimba kifua. Hakujua ameoa nabii. Sasa anakula kwa kujificha, anafunika sufuria ili harufu isinisumbue. Najisikia vibaya. Lakini naona pia kwamba harufu hainisumbui, na hilo ni jambo jema kwa kiuno.

Mama Kitonga alipita jioni kuniombea. Alikuwa amefumba macho, amefika mbali, ndipo Ndanu, mwanangu wa miaka saba, akasema kwa sauti safi, "Mama alikula mayai ofisini. Nimeona maganda kwenye mkoba." Mama Kitonga akafumbua jicho moja. Kisha akacheka, akasema adui hutumia hata watoto, akaanza kuomba upya, kwa nguvu zaidi.

Vidole vitatu.

Jumapili, 16 Septemba

Mama Kitonga hakuja kanisani. Yuko Kitui, mazishi. Nilipumzika. Balungi limenichubua ulimi. Nikiona kuku natamani kumwomba msamaha.

Jumanne, 18 Septemba

Mama Kitonga amerudi, amekuja moja kwa moja kwangu na vumbi la safari. Amejaa furaha hata hawezi kukaa.

Mazishi yalikuwa kijiji cha pili kutoka kwa kina Mbithi. Jumapili akasimama katika kanisa la kule, akawaambia: mko hapa mnakata tamaa, na mke wa Mbithi wenu huko Nairobi, ambaye hana shida, aliye na unga na kazi ya ofisi, amekataa kula kwa ajili yenu. Akasema watu walilia. Akasema wanawake wote wa kanisa wamekubaliana kuniunga mkono. Watafunga pamoja nami, Jumatano na Ijumaa, mpaka jua lizame.

Nikamwuliza, "Wanafunga nini?"

Hakuelewa swali. Nikauliza tena, wana chakula gani cha kufunga? Akasema ndiyo maana ni sadaka kubwa, mama.

Nilitaka kucheka. Ni kichekesho hasa: watu wasio na kitu wamelinyima tumbo kile wasichokuwa nacho, ili mimi nijibu simu. Sikucheka. Nimeona haya, haya ya kweli, ya kuunguza masikio. Na mamake Mbithi ndiye mkubwa wa wanawake wa kanisa lile. Hawezi kukosa.

Nitasema ukweli. Jumapili nitasimama mbele na kusema.

Vidole viwili.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimemwambia Phelister. Amenisikiliza hadi mwisho, akanipimia kiuno, akasema, "Wee Koki, usiwe mjinga. Umebakisha kidole kimoja. Wafunge wasifunge, mvua hainyeshi kwa sketi." Nikamwambia jana Jumatano wamelala njaa. Akasema wangelala njaa hata hivyo.

Hilo ndilo jibu baya zaidi nililowahi kusikia, na nimelitumia mchana kutwa.

Ijumaa, 21 Septemba

IMEFUNGA!

Saa nne na robo, chooni, bila kushikilia pumzi. Kifungo kimeingia tunduni kama mwenye nyumba. Nimetoka nikatembea hadi kwa meneja na kurudi. Amesema basi imekwisha, mapokezi ni yangu, ameandika. Wacera alinipongeza kwa meno. Phelister ameninunulia soda, nikainywa yote.

Nimekaa kwenye kiti cha Perez dakika tano. Kinazunguka kweli.

Leo ni Ijumaa. Kule wamefunga. Nimelikumbuka hilo tayari nina soda mkononi.

Jumamosi, 22 Septemba, saa saba mchana

Naandikia chumbani, mlango umerudishwa.

Mbithi yuko Nakuru na lori, hadi kesho. Saa nne nilisikia hodi, nikafungua. Mwaitu. Mamake Mbithi, ambaye namwita hivyo, yaani mama kwa lugha yetu, amesimama mlangoni na kiondo. Sikumtambua. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikiona kiondo kwanza, nikakijua kiondo, ndipo nikajua ni yeye. Huyu mama alikuwa mnene! Harusini kwangu walitania kwamba mlango wa kanisa lazima upanuliwe. Leo leso imemzunguka mara mbili na bado inashuka.

Akanikumbatia. Akanigusa mashavu, akaona yameingia, akaanza kulia. "Mama Ndanu, tazama vile umekonda kwa sababu yetu."

Yeye. Ananiambia mimi.

Hajala tangu juzi. Jana ilikuwa Ijumaa, alifunga, na leo ametoka nyumbani alfajiri bila kufungua kinywa. Nilimkalisha, nikakimbilia jikoni, nikapasha mchuzi, nikapika ugali, nikakaanga mayai, Mungu wangu, mayai ndiyo yaliyojaa humu ndani. Nikaweka yote mezani. Akanawa mikono. Akatazama sahani. Akatazama upande wangu.

"Yako iko wapi?"

Kisha akajikumbusha mwenyewe, akatikisa kichwa, akaisukuma sahani. Akasema hawezi kula mbele ya mtu aliyefunga kwa ajili yake. Atangoja jua lizame tufungue pamoja. Na amekuja kukaa nami hadi mwezi uishe, ili nisibebe peke yangu.

Nikasema, basi Mwaitu, leo nitafungua, nitakula nawe, mgeni ameingia, Mungu anaelewa. Nikavuta kiti. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sijui ameitoa wapi. Akasema nisithubutu. Nikiivunja nadhiri kwa sababu yake na mvua ikakosa, atawaambia nini wale wanawake? Kwamba ni njaa yake yeye iliyoizuia? Akasema amekaa siku ngapi bila chakula, saa chache hazitamwua.

Nimejaribu kila mlango. Nimesema ni mzee, wazee husamehewa. Nimesema ametoka safari. Kila ninachosema kinamfanya anipende zaidi. Kumebaki neno moja tu litakalomfanya ale, na neno hilo ni sketi.

Nifungue mlango niseme: Mwaitu, nilikuwa na mandazi mbele yangu na nikaona aibu. Ulilala njaa Jumatano na jana kwa ajili ya kiuno changu. Wote mlilala. Kula sasa. Hata kichwani maneno hayakai pamoja. Nikisema atakula? Au atachukua kiondo chake aende zake na njaa hiyo hiyo?

Amenitolea kitu kwenye kiondo. Kikopo kidogo cha asali, ya mzinga wa mwisho, amekifunga kwa kitambaa. Kwa wageni hakukitoa, kwa wajukuu hakukitoa. Ni ya kwangu mimi, ya kufungulia.

Saa saba na nusu. Nilikwenda hadi mlangoni. Chakula kimepoa, amekifunika na sahani nyingine nzi wasitue. Amekaa wima, mikono magotini, anaomba kwa sauti ndogo na anataja jina langu. Midomo imempasuka. Nilisema, "Mwaitu," akafumbua macho na kutabasamu, na nikasema nakuja sasa hivi.

Nimerudi hapa.

Ananiita. Anauliza kama kufunga kwetu kunaruhusu maji.