Kibali cha Kumzika Abeli

Guangzhou, 4 Machi 2024

Baba, shikamoo. Natumaini miguu imeacha kuvimba. Mimi mzima wa mwili tu. Tangu kaka Abeli afariki sijaweza kukanyaga Kangle, kule alikokuwa akishonesha nguo zake za kuuza. Wasafirishaji hawapokei mwili mpaka halmashauri yetu itoe kibali cha kuzika. Fanya haraka, Baba, hospitali za huku hazimbembelezi mtu.

Binti yako, Flavia

Nyumbani, 9 Machi

Marahaba mwanangu. Miguu iache ivimbe. Afisa amekataa! Ati kibanja chetu sasa ni mji, sheria ndogo yao hairuhusu kuzika nyumbani, nimpeleke makaburi ya halmashauri. Nikamuuliza, mama yake Abeli amelala pale mgombani, huyu nimtupe wapi? Wakili Cornel anasema sheria ya nchi inawaachia kupanga kina cha kaburi na umbali wa kisima, basi. Kukataza mtu kuzika kwake hawana uwezo huo. Tumekwenda mahakamani.

Baba yako

Guangzhou, 17 Machi

Shikamoo Baba. Unakula lakini? Hospitali wametoa mwisho, Ijumaa. Nimeomba wiki moja tu, wananijibu “meiyou”, hakuna. Nakusihi, kubali hayo makaburi ya mji wakupe kibali. Ikipita Ijumaa wanamchoma, Baba.

Flavia wako

Nyumbani, 19 Machi

Marahaba. Nakula. Mwanangu hachomwi, wala hatalala mbali na mama yake. Hukumu iko karibu, waambie wasubiri.

Baba yako

Nyumbani, 2 Aprili

Flavia, u mzima? Mbona kimya? Tumeshinda! Hakimu kasema halmashauri ilijipa mamlaka ambayo sheria haikuipa. Kaburi limeshachimbwa. Anakuja na ndege gani?

Baba yako

Guangzhou, 5 Aprili

Shikamoo Baba. Sikuwa na uso wa kukuandikia. Ijumaa ile nilitia saini wamchome. Nilisali rozari mlangoni peke yangu mpaka wakaniita. Kaka yuko chumbani kwangu, ndani ya kikasha, nimemfunika kitenge. Nisamehe.

Binti yako

Nyumbani, 8 Aprili

Marahaba, mama. Wa kuomba radhi ni mimi. Ningekusikiliza angefika na sura yake. Nimelia mbele ya majirani, na sioni aibu.

Mlete. Kaburi ni kubwa mno sasa, tutalipunguza. Usimweke kwenye mizigo, Flavia. Mpakate njia nzima.

Baba yenu