Shahidi wa Makelele

Kasongo, Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu Zaina,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Yule mtu wa pikipiki aliyetoka huko Lusangi aliniambia umeanza tena kwenda shamba la mihogo. Nikamwuliza kama unatembea au unaburutwa, akacheka tu, ndiyo maana nakuuliza mwenyewe. Mimi ni mzima. Macho bado yanasoma, ila kitabu sasa nakishika mbali, kama mtu aliyeokota nyoka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila tukifika mahali patamu mtandao unakatika, na habari ya leo haifai kukatwa.

Nilikwisha kukueleza juu ya Mama Feza, yule mjane mwenye ukumbi wa muziki karibu na nyumba ninayopanga. Ni kuta za udongo, mabati na mabenchi, basi. Lakini kila Jumapili mchana orkestra yake inapiga, na wapiga gitaa ni vijana wa kwetu Kabambare. Wanachukua nyimbo ambazo mama zetu waliimba shambani na kuzitia gitaa. Tangu vita ilipotutawanya, hapo tu ndipo ninaposikia Kibangubangu chetu kikitamkwa na kinywa cha mtu mwingine. Siku nyingine za wiki nakisema na kuku wangu, nao hawana mazungumzo marefu.

Sasa, mwaka huu akaja tajiri mmoja, Patrone Kitenge. Ni mwenyeji wa hapa Kasongo, alikuwa Salamabila akinunua dhahabu, akarudi na kununua kiwanja kilichogusana na ukumbi. Kiwanja ni kikubwa, Zaina. Angeweza kuweka chumba cha kulala upande wowote. Akakiweka upande wa ukumbi, na dirisha lake likatazamana uso kwa uso na bafle za Mama Feza, yale masanduku makubwa ya sauti. Alipomaliza kuezeka, akaenda kumshtaki Mama Feza kwa mkuu wa mji kwamba anamnyima usingizi.

Mkuu wa mji ni mtu wa haraka. Aliandika uamuzi kwa Kifaransa: konseri zimekatazwa karibu na makazi ya watu. Saidi, mpiga mbiu wetu, akapewa kazi ya kuutangaza kwa Kiswahili. Akapanda baiskeli na kipaza sauti chake, akapita kartie yote, mtaa kwa mtaa:

"Wananchi, musikilize! Tangu leo ngoma hapana! Ngoma ya namna yoyote, hapana!"

Nikamsimamisha njiani. "Saidi, kwa Kifaransa wamesema konseri."

"Konseri ni kitu gani, Mzee Amisi?"

"Ni muziki unaopigwa mbele ya watu."

"Sasa hiyo si ngoma?"

Nikashusha mkono, nikampisha. Maana wewe unajua: kwetu ngoma ni chombo chenyewe, ni kucheza, ni arusi, ni sherehe ya mapacha, hata matanga yana ngoma yake. Kwa neno moja Saidi alikuwa amefunga mji mzima, kisha akapanda baiskeli yake akaenda kula.

Mama Feza akatia kufuli mlangoni. Jumapili ile nilikaa nyumbani kimya, nikasikia meno yangu yakitafuna muhogo. Sikujua kwamba nina kelele namna ile.

Sasa sikiliza kilichotokea. Katikati ya wiki Kitenge alikuwa anaoza binti yake. Watu wa bwana-arusi walikuja kutoka Nyangwe kumchukua bibi-arusi, na wanawake wao mbele na ngoma zao. Kwenye njia panda polisi akawasimamisha: ngoma hapana, amri ya mkuu. Shangazi wa bwana-arusi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, aliingia uani kwa Kitenge akakaa chini kwenye mkeka.

"Patrone, sisi hatumuchukui mutoto wako kimya-kimya kama watu wanaiba mbuzi. Tutangojea hapa mupaka ngoma ilie."

"Lakini mama, ni amri ya serikali!"

"Ni sawa. Na sisi tuko na njaa."

Wakangojea. Wakala wali, wakala kuku, wakaulizia samaki. Hata godoro waliulizia. Kitenge akatoka mbio kwenda kwa mkuu wa mji, tai imegeukia mgongoni. Mimi nilikuwa huko barazani, nimekwenda na Mama Feza kumwombea ukumbi wake, kwa hiyo nilisikia yote.

"Bwana mukuu, unifungulie ngoma!"

"Patrone, si ni wewe ulikuja kunililia nifunge ngoma?"

"Nilisema ya Mama Feza!"

"Nikifungua yako, ya Mama Feza nitaishika kwa sababu gani? Yake inauma na yako inaponya?"

Kitenge akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga Kiswahili.

Mkuu akatuita sote ndani, na shangazi wa Nyangwe akaja pia, kwa sababu alikuwa amemfuata Kitenge asije akatoroka. Swali la kwanza la mkuu lilikuwa zuri, nilimheshimu kwa ajili yake: nani alimkuta mwenzake pale?

"Mimi nilikuta majani," akasema Mama Feza. "Nikafyeka, nikajenga, nikafiwa na bwana hapo-hapo. Huyu alinikuta na bafle zangu zinalia. Hakuzisikia siku alipopima kiwanja?"

"Lakini mutu anapaswa kulala!" akasema Kitenge.

"Jumapili mchana? Patrone, umeoa kitanda?"

Mkuu mwenyewe aliinamisha kichwa ili asicheke. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaagiza ramani ya kartie, na ukumbi wa Mama Feza ukaandikwa humo kuwa mahali pa muziki. Tangu sasa anayejenga kando yake ajue amejenga kando ya muziki, naye ndiye anayejenga ukuta wa kuuzuia. Kitenge, aliyekuja nyuma, atasimamisha ukuta wa matofali mnene. Mama Feza atageuza bafle zielekee bonde la mpunga, na giza likiingia atazima. Arusi na matanga ziko huru.

Ikabaki shida moja: makelele yanapimwaje? Kuna mashine ya kupima, mkuu alisema, lakini hapa hatuna. Tukabishana mpaka jasho. Mmoja alitaka tutazame maji kwenye kikombe kama yanatikisika, mwingine alitaka tumwulize mtoto mchanga. Mwishowe shangazi wa Nyangwe, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema:

"Nyinyi watu wa masomo! Ukiwa ndani kwako na unasikia maneno ya wimbo, hayo ni makelele. Ukisikia dum-dum tu, hiyo ni kuwa na jirani."

Mkuu akapiga meza. Ikaandikwa hivyo hivyo, kwa Kifaransa: maneno yakisikika chumbani kwa Kitenge hata mara moja, ukumbi unafungwa, wala haufunguliwi tena. Shangazi hakungoja tafsiri. Alitoka nje akapaza sauti, na ngoma za Nyangwe zikaanza kulia njiani.

Lakini nani atakwenda kusikiliza? Ilitakiwa mtu asiye ndugu wa Kitenge wala wa Mama Feza, na katika mji huu kila mtu ni shemeji ya mtu. Macho yakazunguka ofisini yakatua kwangu.

"Mzee Amisi," akasema Saidi, aliyekuwa mlangoni akingoja tangazo jipya. "Yeye hana mutu hapa."

Alisema kwa nia njema. Na ni kweli, Zaina. Miaka yote hii sentensi hiyo imekuwa ikinilaza macho, na siku ile ikanipatia cheo.

Kwa hiyo sasa, kila Jumapili, wenzangu wote wa Kabambare wakiwa ukumbini wanacheza, mimi niko chumbani kwa Patrone Kitenge, kwenye kiti kando ya kitanda, natega masikio. Yeye analala chali na soksi. Niliuombea ukumbi huo, na mimi peke yangu ndiye nisiyeruhusiwa kuingia. Ukuta umejengwa, ni mzuri, kwa majuma kadhaa sikusikia ila dum-dum, na nilirudi nyumbani kila mara nikiwa shahidi mwaminifu na mtu mwenye huzuni.

Jana upepo uligeuka, ukatoka bondeni. Gitaa zikatulia, kijana akaanza kuimba peke yake, kwa Kibangubangu, ule wimbo wa mwanamke anayeliuliza jembe kwa nini limechoka, na jembe linamjibu kwamba limechoka kumngojea mume wake. Zaina, nilisikia kila neno. Nilisikia hata pale mama yetu, akiuimba shambani, alipokuwa akivuta pumzi.

Kitenge akafumbua macho.

"Mzee, hayo si maneno?"

Nikainamisha sikio kuelekea dirishani, kama mtu anayepima. "Patrone, masikio yako ni makali kuliko yangu. Wewe umesikia anasema nini?"

Akasikiliza, uso umekunjana. "Mimi? Hakuna kitu. Nasikia lalala tu."

"Basi," nikasema, "hata mimi nasikia lalala."

Akageukia ukutani akalala. Mimi nikabaki na kiti changu na machozi yangu.

Unisalimie shemeji, mume wako, na umwambie wimbo haukumtaja yeye. Unisalimie binti yako wa kwanza na wajukuu, na mwalimu mstaafu jirani yenu kama bado anakosoa matangazo ya redio. Shangazi yetu mpe salamu za heshima, kisha umwombee kwangu jambo moja: Kitenge alinisemesha wimbo ukiendelea, nikakosa jibu la mwisho la jembe. Akuimbie, nawe uliandike kwa Kibangubangu, ulitume na mtu wa pikipiki. Katika mji huu siwezi kumwuliza yeyote, kwa sababu rasmi sikusikia kitu.

Ni mimi yaya wako, kaka mkubwa akupendaye,

Amisi