Sauti ya Nyuma Kwenye Rekodi

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya Pili, Mlango Na. 9,
S.L.P. 417.

Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mwanenu Chiriku. Mgongo unaendeleaje? Bado unalalia upande mmoja? Sisi huku tunapumua. Vyerehani sita vinazunguka, cha saba kimekatika mkanda. Baba Pamba ni mzima wa mwili. Pamba ameongezeka sentimita nne tangu mwezi wa pili. Nilimpima mwenyewe kwenye fremu ya mlango na siku hiyo hakukataa.

Salamu ziishie hapo, Dada, maana moyo wangu leo si wa salamu.

Nimekupigia mara tano tangu Jumamosi, umeona na hukupokea. Basi naandika. Kwenye simu utalia, nami nitalia, muda utakwisha, na hakuna kitakachobaki kwenye karatasi. Safari hii nahitaji karatasi.

Wiki tatu zilizopita mwalimu wa chekechea aliona alama za meno kwenye mkono wa Pamba. Hakuniuliza mimi. Alipeleka habari kwa watu wa ustawi wa jamii, nao wakafungua jalada. Tangu hapo nimeitwa mara nne, Baba Pamba mara tatu. Nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima ile alama mbele yao: sentimita mbili na nusu. Nikapima mdomo wa Pamba: sentimita mbili na nusu. Nikawaambia anajing'ata mwenyewe kengele ikilia. Wakaandika. 

Daktari wa watoto amemwona mara mbili. Anasema dalili nyingi ni za usonji. Haangalii mtu usoni, hajibu akiitwa jina, anapanga vifungo kwa idadi ya matundu na ukimvurugia analia saa nzima, na kelele zinamchoma kama moto. Akasema mtoto wa hivi huzaliwa hivyo, hakuna aliyemharibu. Dada, nilikaa kwenye kile kiti nikahisi mabega yanashuka kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Kisha akauliza, je, aliwahi kuzungumza? Mimi kwa kiherehere changu nikatoa simu nikampigia zile rekodi ulizonitumia Pamba alipokuwa analelewa kwako. Zote tano.

Unazikumbuka. “Mama, maji.” “Paka huyo!” “Nataka hiki.” Nilikuwa nimeshayahesabu maneno yote: thelathini na moja. Daktari aliacha kuandika. Akasema kuna watoto wanaopoteza maneno, lakini mtoto aliyesema thelathini na moja kwa mama yake mkubwa, akarudi kwao, na mwezi huohuo asibaki hata na moja, lazima kwanza iulizwe kulitokea nini humo ndani.

Humo ndani ni kwangu.

Alhamisi afisa wa ustawi alikuja karakana. Mwanamke mpole, miwani imening'inia kifuani. Fundi wangu wa pasi, yule mzee mtani, alijaribu kumchangamsha: “Karibu mama. Mkaguzi wetu yuko chini ya meza ya kukatia. Anahesabu vifungo, hata mimi ananitisha.” Afisa hakucheka. Alinitazama akasema, “Mama, maneno thelathini na moja hayapotei kama sindano. Nani alikuwa anakaa na mtoto wewe ukiwa kazini?” Jibu analijua. Ni baba yake.

Tarehe 30 wanakaa kikao. Wataamua kama Pamba aendelee kukaa nasi au apelekwe kwenye nyumba ya watoto wakati wanachunguza. Mtoto ambaye nikibadilisha kikombe chake hanywi chai siku mbili! Baba yake sasa hamshiki mkono barabarani. Hamwogeshi. Anasimama mlangoni anatuangalia kama mgeni.

Sasa sikiliza nilichogundua Jumamosi mchana.

Nilikuwa nazipiga tena zile rekodi, natafuta sijui nini. Pamba alikuwa palepale chini ya meza. Unajua ana ule mvumo wake wa puani, mitatu mifupi na mmoja mrefu, kutwa nzima. Ilipofika ya tatu, ile ya “nataka hiki,” Pamba akatoka. Akaja mwenyewe, akaweka sikio kwenye simu. Maneno hayakumshughulisha. Ilipofika sekunde ya kumi na nne akaanza kuvuma, sambamba kabisa na kitu kilichokuwa ndani ya simu.

Nikarudisha. Nikasogeza sikio. Mbele kuna mtoto anasema “nataka hiki.” Nyuma yake, kwa wakati uleule, kuna mtoto anavuma. Mitatu mifupi, mmoja mrefu.

Nyumba yako ilikuwa na watoto wawili, Dada. Mmoja anazungumza na mwingine anavuma. Na anayevuma ninaye hapa.

Chiriku anamzidi mwenzake miezi minne. Ulimpa simu Chiriku, ukanitumia sauti yake, ukaniambia ni ya wangu.

Unajua miaka hii miwili nimeiishi vipi? Pamba aliporudi na asiniambie hata “mama,” nilidhani ananinunia. Nilidhani amenihukumu kwa kumwacha akiwa na miezi sita ili nipate cherehani cha pili. Nilimnunulia wanasesere. Nilimwomba msamaha nimepiga magoti, mtoto wa miaka miwili! Nawe ulikuwa unaniambia, “Vumilia, atakuzoea.” Hakuwa amenuna. Hakuwahi kuwa na neno la kuninyima.

Kwako alikaa miezi kumi na tisa. Ulijua. Hukosi kujua, maana ulikuwa na wa kumlinganisha naye chumba hichohicho.

Nami nitasema langu, nisikuonee. Kila Jumapili nilikuwa napiga simu nauliza, “Wiki hii amesema mangapi?” Ukurasa wa mwisho wa daftari la karakana, lile ninaloandikia kola na mikono ya mashati aliyomaliza kila fundi, nilichora mstari nikawa naandika maneno ya mwanangu. Ukisema “bado,” nilikuwa nauliza Chiriku amefikisha mangapi. Nilimhesabu mtoto kama kazi ya oda, nawe ukaogopa kuniletea pungufu. Hilo nimelibeba. Lakini lako ubebe wewe. Sitakusaidia kulibeba mbele ya kikao.

Sitaki uniombe radhi sasa. Nataka karatasi moja, kwa mwandiko wako na sahihi yako, kwa maana leo asubuhi nimewauliza, na ujumbe wa simu hawaupokei. Andika sauti ile ni ya nani. Andika kama Pamba aliwahi kusema neno lolote kwako, hata moja. Andika alianza lini kuvuma, alianza lini kujing'ata, na kama ulipomwita aligeuka. Usinilainishie na usimpambe. Shemeji naye atie sahihi kama shahidi; najua hajui, na itabidi umwambie.

Barua huchukua siku nane. Hii itakufikia tarehe 17. Ukiiweka posta tarehe 19, itanifikia Ijumaa tarehe 27. Jumamosi na Jumapili ofisi yao imefungwa, na Jumatatu ndiyo kikao. Hakuna siku ya ziada. Nimehesabu mara tatu.

Ukiandika “sikumbuki,” nitaelewa umechagua jina lako. Nitasimama pale na futi yangu na simu yangu, na Baba Pamba pembeni yangu, na tutasema tunachoweza.

Rekodi sizifuti. Miaka miwili nimezisikiliza nikimtafuta mwanangu kwenye sauti ya mbele, naye alikuwa nyuma siku zote akisema chake. Jana nilikaa naye chini ya meza nikavuma, mitatu mifupi na mmoja mrefu. Hakunitazama. Lakini alinyamaza kidogo, akanisubiri nimalize, kisha akaendelea yeye.

Nisalimie shemeji. Nibusie Chiriku shavuni, yeye hana kosa. Mwambie alizungumza vizuri sana. Mama mdogo akija kukuona mwambie mguu wake namwombea. Mungu akupe mkono usiotetemeka mpaka mstari wa mwisho.

Mdogo wako, akupendaye na anayekungoja,

Mama Pamba