Metal mu Jiko ya Koko Mauwa

Siku ya pili (jumanne), 11/6

We daftari yangu, Masikio-Makubwa wangu, keti, niko na habari. Leo tena. Maji nilishota, sahani nilisafisha, ndagala ya Mama, zile samaki ndogo, nilianika. Kisha nikasema naenda kwa bibi jirani, Koko Mauwa, kumusaidia kutwanga mihogo. Sikudanganya, nilitwanga. Lakini kisha nikafunga mulango ya jiko yake, nikaweka écouteurs mu masikio, nikanguruma.

Kunguruma ndiyo neno. Sijui ingine. Ile bazungu ya mu carte mémoire ya telephone banaimba sawa simba mwenye kutafuna mawe. Na banamuimbia Yesu! Yesu yetu!

Carte ni ya cousin Wilo wa Uvira. Aliniachiaka yeye mwenyewe. Ku dossier aliandika paka "gospel" tu. Mama aliona, akafurahi. Eti gospel, muzuri mutoto wangu, sikiliza. Ehe, Mama. Nasikiliza.

Siku ya ine, 13/6

Nimeanza kubatofautisha, hizi aina za metal! Mbele nilidhani yote ni fujo moja. Apana. Iko thrash: pikipiki yenye kukosa breki yenye kuteremuka mbio, na mwenye kuiendesha anapiga makelele ya toba. Iko doom: polepole, nzito, sawa bamama ku matanga kabla maiti itoke mu nyumba. Hii nikiisikiaka nalia bila sababu. Iko power: sauti juu kabisa, ngoma mbio, sawa Bakatolika siku ya Paska. Iko death metal. Jina ni kifo, maneno yote ni ufufuko! Wilo anajua kingereza, ananitafsiriaka kwa audio ya WhatsApp.

Na iko moja wanaiita black. Wilo anasema kuko benye kuimbaka hii kwa shetani kabisa kabisa. Hawa ba mu carte bakasema apana, lete hapa, bakaigeuza yote kwa Mungu. Ni kusema bamemunyanganya shetani guitare yake! Nilicheka peke yangu mu njia, bantu bakaniangalia.

Nangurumiaka kwa Koko Mauwa juu ya vile masikio yake yalikufa, anasikia tu ukipiga kelele karibu kabisa. Eko muzee, jirani yetu. Alitokaga Makobola wakati wa vita, peke yake, hapa Baraka hana ndugu hata moja. Niliwaza nitanguruma pale na hatajua. Kumbe! Ile siku ya kwanza aliingia mu jiko, akaniona kinywa wazi, akaweka mukono yake ku kifua yangu. Akatulia. Akasema, "Hii naisikia. Korali yenu miaka yote naonaka paka vinywa tu, sawa samaki."

Nikamupigia kelele mu sikio: usimwambie muntu, Koko!

Akanicheka. "Nitamwambia nani? Nani ananiongeleshaka?"

Siku ya Mungu, 16/6

Kaka yetu, Ya Alimasi, président wa korali, alitangaza mbele ya wote. Tunaenda Fizi ku sikukuu ya makorali. Solo, ile fasi ya kuimba peke yako, ni yangu. YANGU. Mama alipiga kigelegele mu kanisa, haya ikanishika, lakini ilikuwa tamu.

Lakini ku répétition, mazoezi ya korali, sauti yangu ilikwaruza. Fasi ya juu ilikatika mara mbili. Moja wa bale ba soprano akasema, "Solo ya nani? Ya huyu chura?" Bote bakacheka. Ya Alimasi akamunyamazisha, akaniambia kunywa maji moto.

Nilikasirika. Kwa hasira nikaenda mbio kwa Koko, nikanguruma zaidi.

Siku ya pili, 18/6

Nimeandika mwimbo yangu! Ya kwanza! Death metal ya kiswahili, sijui kama iko ingine mu Kivu yote. Ni Lazaro anaongea mu kaburi:

Kaburi, fungua kinywa!
Mwenye uzima ameita jina yangu!

"Kaburi" inangurumika vizuri sana. Ile "buuu" inatoka chini ya tumbo. Ama ku koo, sijui. Hakuna mwenye kunifundisha, video haifungukake na hii réseau yetu ya internet. Naiga paka kwa sikio.

Koko alipika supu ya samaki mukeke. Alipiga sufuria na mwiko, polepole, sawa doom. Hajui doom ni nini! Mukono yake ku kifua yangu, mwiko ku sufuria. Leo nilikuwa na furaha yenye kuuma.

Koo inawaka kidogo. Kesho itaisha.

Siku ya ine, 20/6

Nimeamuka, nikaita Mama. Hakuna kitu. Hewa tu.

Nikajaribu tena. Hewa.

Mama alidhani nacheza. Kisha akaniangalia macho. Kisha akaacha bassin ya ndagala ianguke.

Siku ya tano, 21/6

Shangazi Atosha ametoka Lweba. Mama alimupigia telephone, akakuya na pikipiki ya asubui. Shangazi nilimupendaka sana. Mutoto wake wa kwanza alikufa na koo, sauti ilianza kupotea, mwili ikakauka. Bakasema ni karuho, ile sumu ya polepole. Tangu ile wakati Shangazi hakule kwa muntu.

Akashika uso yangu na mikono mbili. "Ulikula kwa nani?"

Mama akajibu mbele yangu. Kwa Koko Mauwa. Kila siku.

Nikatikisa kichwa. Apana, apana, apana. Shangazi akasema, "Ona vile anamuogopa."

Niliandika ku karatasi: SI SUMU. NI MIMI. Nikamupa Mama. Shangazi akaisoma pole pole, akaanza kulia. Eti bachawi bamemufunga mpaka vidole, anaandika bile banataka.

Sikuandika neno kunguruma. Nilikuwa na kalamu mu mukono na sikuandika. Niliwaza Fizi. Niliwaza Mama na kile kigelegele. Mi ni muoga, ndiyo ile.

Siku ya posho (jumamosi), 22/6

Bamenitapisha. Shangazi alikuya na dawa ya miti mu chupa. Kali. Nilitapika mpaka nikaona nyota mchana. Mu beseni kulikuwa kijani. Bamama majirani bakapiga kelele, ile ni sumu inatoka! Ilikuwa sombe ya jana, majani ya mihogo.

Koo sasa ni moto yenyewe.

Muchana baliendaka kumuuliza Koko. Mama, Shangazi, vijana wa quartier, mutaa yetu, nyuma yao. Mi nilifuata, hakuna mwenye kunizuia. Shangazi akapiga kelele karibu na sikio yake: huyu mutoto anakuyaka kufanya nini hapa kila siku?

Koko akaniangalia. Niliona ananiangalia. Akasema tu, "Anakuyaka kuniimbia."

Bantu bakacheka vibaya. "Kiziwi anaimbiwa!" "Koko, ulisikia solo gani, tuambie!" Kijana moja akaiga, akafungua kinywa bila sauti mbele ya uso yake. Wengine bakashika tumbo kwa kucheka.

Koko hakusema zaidi. Aliweza kusema. Alijua yote. Nilimwambiaka asimwambie muntu, na hakumwambia muntu.

Jioni nikasikia mawe ku manjanja, mabati ya nyumba yake. Moja. Kisha mingi.

Siku ya Mungu, 23/6

Sikuenda kanisa. Baliniombea, Mama alisema, kanisa yote ilisimama. Ya Alimasi alilia.

Kesho chef wa quartier anaita bantu. Batamuamua Koko. Mi najua vile inaendaka. Mwaka moja kule chini karibu na bandari walimuamua muzee moja vile vile, na kabla chef amalize kusema vijana balikuwa bamemaliza kazi. Sitaki kuandika zaidi.

Nawaza hivi. Nikionyesha, batasema ni pepo. Korali kwisha. Fizi kwisha. Mama ataitwa mama wa mwenye pepo, na soko ya ndagala inasikiaka yote. Nisipoonyesha, Koko.

Haiko ngumu hata. Naiandika sawa ni ngumu juu naogopa.

Siku ya kwanza, 24/6



Balikuwa mingi, mbele ya nyumba ya chef. Koko alikaa ku benchi peke yake. Alivaa pagne, kitenge yake ya siku ya Mungu. Hiyo ilinivunja. Alijivalisha vizuri juu ya kuya kusikia bale hawezi kusikia.

Shangazi aliongea. Aliongea juu ya mutoto wake mwenye kukufa zaidi kuliko juu yangu, na bantu balilia, na mi nililia. Vijana nyuma balikuwa na mawe mu mifuko, mifuko ilining'inia.

Nikasimama. Nikaenda katikati. Mama akanivuta nguo, nikajitoa.

Nikafungua kinywa. Mara ya kwanza hewa tu. Nikawaza yote imeisha. Nikashuka chini kabisa, mu tumbo, fasi yenye sikufikaka hata siku moja.

KABURI! FUNGUA KINYWA!

Ilitoka! Mbaya, imepasuka, ya kuuma sawa kumeza misumari, lakini ilitoka. Batoto bakakimbia. Mbuzi ya chef ikakata kamba. Shemasi moja akaanza, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Mama akaanguka chini na magoti.

Na Koko, we! Koko hakusikia neno hata moja ya ile mkutano. Hii aliisikia. Akasimama, akaanza kupiga mikono pole pole, akacheka mbele ya bote. "Ndiyo hii! Ndiyo hii mwimbo yenye ananiimbiaka!"

Nikatoa telephone. Charge ilikuwa kidogo sana. Nikaweka ile ya kwanza ya mu dossier, volume yote. Mwanaume akanguruma mu telephone sawasawa na mi. Bantu bakaangalia telephone. Bakaniangalia mi. Chef akaishika, akaigeuza, akaitia karibu na sikio, akaitoa mbio.

"Na huyu wa mu telephone," chef akamuuliza Shangazi, "naye alikula kwa Koko Mauwa?"

Muntu moja alicheka. Kisha mwingine. Kisha bote, ile kicheko ya bantu benye kuogopa kwanza. Mawe moja moja yalianguka chini nyuma ya vijana. Nilisikia yakianguka.

Shemasi hakucheka. Shangazi pia. Alikaa chini ku mavumbi. Kama si sumu, basi mutoto wake naye? Niliona hiyo swali mu uso yake.

Siku ya pili, 25/6

Centre de santé, kituo ya afya. Infirmier, muuguzi, aliangalia koo na tochi, akauliza nafanyaka nini na koo. Niliandika yote, hata kunguruma. Akacheka mpaka akatoa miwani. Kisha akaacha kucheka. Kamba za sauti zimevimba, na ile dawa ya miti ilizichoma zaidi. Nikae kimya kabisa. "Ukirudilia kunguruma kabla zipone, solo utaisikilizaka ku radio." Alisema inaweza kurudi. Ama isirudi yote.

Siku ya tano, 28/6

Comité ya korali imeniweka pembeni. Ya Alimasi alikuya mwenyewe kuniambia, hakuniangalia macho. Bamesema mpaka bajue ile sauti ni ya roho gani.

Pasteur naye alikuya. Niliogopa. Aliomba maneno ya mwimbo, nikamupa. Alisoma, akasoma tena. Akasema maneno hayana kosa. Sauti haielewi, lakini hata baba yake hakuelewaka guitare, alitaka paka ngoma tu. Akaomba na mi, sala ya kawaida, hakupiga kelele. Akakunywa chai.

Mama alienda kwa Koko na unga na mafuta. Alipiga magoti ku mulango. Koko alimufungulia. Sijui baliongea nini, Mama haniambie. Alirudi na sahani yetu, yenye supu.

Mama aliikunywa yote, mbele ya Shangazi.

Siku ya Mungu, 7/7

Sauti inarudi. Kidogo, na hewa ndani. Leo asubui nilisema "Mama" na akatoka inje kulia.

Kanisa ilipoisha, Ya Alimasi alipita. Comité imegeuka. Pasteur aliongea nao. Solo bado inaningoja, niende kwa répétition wiki hii, lakini nichunge sauti. Nisipige kelele hata ku mbuzi.

Nikaenda kwa Koko kumwambia. Nilikuta vitu vyake vimefungwa mu pagne. Anahama. Mujukuu wake eko Swima, anakuya kumuchukua kesho. Nikamuuliza kwa mikono, juu ya nini, kila muntu anakusalimia sasa. Akaonyesha manjanja na kidole. Mashimo yako mingi, jua inaingia. "Bananisalimia, ndiyo. Lakini ni mikono yao ileile."

Tulikaa mu jiko. Hakupika. Nilifungua kinywa kumwambia habari ya solo, nikakumbuka hataisikia. Hata niimbe vizuri namna gani kule Fizi, kwake mi nitakuwa samaki.

Akasogea. Akaweka mukono yake ku kifua yangu, akafunga macho, akangoja ile ngurumo.

Nilikaa vile. Mukono yake ilikuwa na joto. Kisha nikaitoa pole pole, nikamuonyesha: kesho, Koko, kabla uende. Akaitika na kichwa.

Ni magaribi sasa. Mama anaosha sahani. Ya Alimasi ametuma message, anauliza kama nimekunywa maji moto.

We ungefanya nini?