Wazee Kumi na Saba, Jina Moja

Pune, 15 Agosti 1947, majira ya mvua

Mjukuu wangu Sulabha,

Dengu zimo jikoni. Mzee aliyeketi barazani si babu yako. Mpe chai tu. ~~Mpe na chakula cha babu yako.~~ Hapana, hicho kifunike.

Leo asubuhi, katika sherehe za uhuru, babu yako alinipotea, na siku hizi njia ya nyumbani haikumbuki. Nilimwendea mtangazaji mwenye kipaza sauti ili amwite, akaniuliza, "Mama, mumeo anaitwa nani?" Mke mwenye adabu hatamki jina la mumewe, nami sijalitamka kwa miaka arobaini na tisa. Nikamjibu, "Sema babu yake Sulabha." Wakajitokeza wazee kumi na saba! Huyu wa barazani akanifuata hadi hapa. "Bibi wee, hata mimi nina Sulabha," ananiambia, huku akidai achari.

Mwaka 1930, askari wa Mwingereza walipomkamata, babu yako aliita jina langu sokoni mbele za watu. Nami, kwa haya, sikumwitikia. Deni hilo ninakwenda kulilipa sasa. Nimechukua mwavuli wake, na kipaza sauti nitakishika mwenyewe. Ninajizoeza hapa mezani:

Dattatraya. Dattatraya!

Bibi yako